Ruzuku ya Mbolea Isimezwe na Lumbesa

Gari lipandalo kutoka Mombo kwenda Lushoto hupita Soni, karibu nusu ya safari ya kilomita 32, mahali ichepukapo njia ya Bumbuli. Hapo hukusanywa kabichi, karoti, viazi na nyanya za milimani, zikingoja malori ya Dar es Salaam. Na hapo ndipo faida ya ruzuku ya mbolea ipasapo kupimwa, wala si katika hesabu za mifuko iliyosambazwa.

Serikali imetimiza sehemu yake. Bei ya mbolea duniani ilipopanda mno mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku mjini Mbeya Agosti 8 mwaka huo, zikatengwa Sh. bilioni 150. Mfuko wa kilo 50 wa urea, uliokuwa umevuka Sh. 120,000, ukauzwa Sh. 70,000 kwa mkulima aliyeandikishwa. Ni hatua kubwa, hasa ikikumbukwa kwamba kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza kazi mwaka 1972, mwaka ule ule wa Siasa ni Kilimo, kilifungwa mwaka 1991, na kufikia 1994 ruzuku yenyewe ilikuwa imeondolewa. Vocha zilizokuja mwaka 2008 zililenga mahindi na mpunga. Mkulima wa mboga hakufikiriwa sana.

Sasa amefikiriwa. Lakini mfuko wa mbolea apandao nao mlimani una kilo 50 kamili, umepimwa na kushonwa kiwandani. Gunia la viazi analoteremka nalo limevishwa kilemba cha wavu, na hakuna aliyelipima. Sheria ya vipimo haliruhusu gunia la viazi kuzidi kilo 100. Mnunuzi analijua hilo, ila anajua pia kwamba mama aliyebeba kabichi kichwani tangu alfajiri hawezi kurudi nazo juu zikaozee jikoni. Basi humwambia kwa upole kabisa kwamba bila lumbesa hakuna biashara.

Hesabu yake si ngumu. Magunia kumi yakiongezwa kilo 20 kila moja, mkulima ametoa bure kilo 200, yaani magunia mawili halali. Nafuu aliyoipata kwenye mbolea imehamia katika mfuko wa mlanguzi, na Hazina imemlipia mtu ambaye hajawahi kushika jembe.

Wapo wasemao mkulima ajilaumu mwenyewe kwa kukubali. Maneno hayo ni mepesi kwa asiye na mzigo unaooza. Mkulima mmoja mmoja hana nguvu ya kukataa. Wakikataa kijiji kizima kupitia ushirika wao, lori haliwezi kurudi tupu. Aidha, ushuru wa mazao ukitozwa kwa gunia, gunia kubwa humpunguzia mnunuzi ushuru, na halmashauri yenyewe hupoteza. Utozwe kwa kilo.

Ukaguzi nao haufai kungoja kizuizi cha barabarani, wakati mkulima amekwisha kulipwa na kuondoka. Mizani iwekwe gulioni Soni, pamoja na ofisa wa Wakala wa Vipimo, asubuhi ya kila siku ya soko, kabla gunia la kwanza halijapakiwa.