BONSAI YA DUKANI NI BONSAI KWELI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kuna mabishano yaliyozuka baina yetu wanachama ambayo, kwa maoni yangu, hayakumalizwa sawasawa. Yalihusu vile vimti vifupi vya chunguni vinavyouzwa katika maduka makubwa ya mjini, vikiwa vimebandikwa kikaratasi kilichoandikwa "Bonsai". Upande mmoja ulishikilia ati mti ni mti na chungu ni chungu. Ukiweka mti mdogo katika chungu kidogo, umepata bonsai, yamekwisha. Upande wa pili ukasema kitu kilichotoka shambani kwa maelfu hakiwezi kuwa bonsai asilani, hata kikae miaka mia. Mimi naona pande zote mbili zimepotea njia, na ule wa kwanza umepotea zaidi.

Tuanze na jina. Bonsai ni neno la Kijapani, na maana yake ni kilichopandwa katika sinia au chungu kipana. Sanaa yenyewe Wajapani waliipokea kutoka Uchina, ambako huitwa penjing. Hapo wa upande wa kwanza watashangilia: "Si unaona? Chungu!" Polepole, bwana. Sisi wa Kiswahili twajua kwamba mistari minne haiwi ubeti kwa sababu tu imekuwa minne. Yataka vina na mizani. (Wa mashairi huru mnisamehe, vita vyenu ni vya siku nyingine.)

Je, vina na mizani ya bonsai ni nini? Ni shina lililo nene chini na kupungua kadiri linavyopanda. Ni mizizi iliyotandaa pande zote juu ya udongo, kana kwamba mti umeishika ardhi tangu enzi za mababu. Ni matawi yaliyopangwa kwa mkasi na kwa waya wa shaba au alumini, nao waya hufunguliwa kabla haujauma gome. Kila baada ya miaka michache mti hutolewa chunguni, mizizi hupunguzwa, kisha hurudishwa katika udongo mpya. Na msidhani ni aina ya mti uliozaliwa mfupi. La hasha! Ni msonobari ule ule ambao ukiachiwa porini ungepita paa la nyumba. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini hawa humkunja samaki wao mpaka wanaingia kaburini, na watoto wao wakaendelea kumkunja.

Si utani. Kuna msonobari mweupe ulioanza kutunzwa chunguni mwaka 1625. Ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Yamaki huko Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa, ulikuwa nyumbani kwao, kilomita tatu hivi kutoka mahali pa mlipuko, na ukuta ndio uliouokoa. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa ukawa miongoni mwa bonsai 53 ambazo Marekani ilizawadiwa na Japani ilipotimiza miaka 200, ukapelekwa Washington. Wajukuu wake walipokwenda kuuona mwaka 2001 ndipo watunzaji wa kule walipojua ulivyoponea chupuchupu. Kwa miaka 25 walikuwa wakiumwagilia maji na kuupogoa bila kuijua habari hiyo. Waliutunza tu kwa sababu ndiyo kazi yake, haiishi.

Sasa tuutazame mti wa dukani. Ule uliozagaa zaidi una mizizi minene kama mihogo, na majani machache juu kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Huo ni jamaa ya mkuyu na mugumo wetu. Wataalamu huuita Ficus microcarpa, na wafanyabiashara huuita ginseng, ingawa ginseng yenyewe ni mmea mwingine kabisa (hata hapo jina limeazimwa!). Hukuzwa kwa wingi kusini mwa Uchina. Mbegu hupandwa, miche huachwa ardhini miaka kadhaa mpaka mizizi ivimbe, kisha hung'olewa. Ile mizizi husimamishwa juu ya udongo iwe kama shina, kichwa hukatwa, na mara nyingi hupachikwa vikonyo vya aina nyingine yenye majani madogo. Baada ya hapo ni chungu, kontena na meli. Hakuna aliyeutazama mti mmoja mmoja na kujiuliza tawi hili liende wapi.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na wale wa upande wa pili. Wanasema kosa ni wingi. Kule Kinashi, katika mji wa Takamatsu, Japani, misonobari ya bonsai hupandwa kwa mistari shambani kama vile sisi tunavyopanda mahindi, na sehemu kubwa ya misonobari ya bonsai ya Japani hutoka huko. Mbona hiyo haikataliwi? Kwa sababu tangu ikiwa michanga watu huipitia wakiipinda na kuikata, na anayeinunua anajua amenunua kazi iliyoanzwa, naye anatakiwa kuiendeleza. Wala kosa si nchi mti ulikotoka. Charles Ceronio wa Afrika Kusini alibuni mitindo ya bonsai inayofuata umbo la mbuyu na la migunga ya nyikani, na watu wa sanaa hiyo wakaipokea.

Kosa liko kwenye kile kikaratasi. Kinamwambia mnunuzi kwamba kazi imekwisha, aweke mezani afurahie. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza! Huko Marekani huuzwa sana vimti vya jamaa ya mtarakwa wetu wa milimani, vikiwa na changarawe iliyogandishwa kwa gundi juu ya udongo. Gundi inazuia maji yasipenye vizuri. Mti wenyewe ni wa kukaa nje kwenye jua na upepo, lakini mtu anauweka sebuleni. Na ubaya wa jamii hiyo ya miti ni kwamba ikifa hubaki kijani kwa majuma kadhaa. Mtu anamwagilia maiti, jamani! Siku inapogeuka rangi analia kwamba mkono wake ni mbaya kwa mimea, na hatajaribu tena maishani. Hilo ndilo linaloniudhi. Aliyeambiwa uwongo anajilaumu mwenyewe, na aliyeuandika anahesabu pesa.

Wa pili anayeonewa ni fundi. Japani mwanafunzi wa bonsai hukaa kwa mwalimu wake miaka mitano au zaidi, na husemwa kwamba kumwagilia maji peke yake ni somo la miaka mitatu. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923, mafundi kutoka Tokyo walihamia Omiya, na kijiji chao kikaanza mwaka 1925. Waliwekeana masharti: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua kumi, lango lake liwe wazi kwa wageni, asijenge ghorofa, na ua wake uwe wa mimea. Bustani zao zilikuwa nyingi. Leo zimebaki chache. Jina walilolijenga watu wa namna hiyo si la kubandika kwenye kila muhogo wenye majani.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Kwa hivyo sisi tusio na pesa za kwenda Omiya tusijaribu?" Hata! Nunua huo huo wa dukani ukiweza. Bandua changarawe yenye gundi, uhamishie kwenye udongo usiotuamisha maji, uache uchipue, kisha ukate ukijua kwa nini unakata. Ukiufanyia hivyo mwaka baada ya mwaka, nitauita bonsai bila kuuliza ulitoka duka gani. Mti huu una bahati mmoja: ni mgumu, hukatwa ukachipua tena.

Mwenye hoja tofauti aandike toleo lijalo, nitamsoma. Ila kwanza anijibu hili: kama huo wa dukani tayari ni bonsai siku unapolipiwa, yule wa Hiroshima tuuiteje?