Mavazi ya Mpanda Baiskeli

Kwa nyumba nyingi za Unguja baiskeli ndiyo gari. Atokaye Chukwani kwenda mjini, kwa njia ya Kiembesamaki na Mazizini mpaka Mnazi Mmoja, huendesha karibu kilomita 10. Huondoka kwa jua akafika kwa mvua. Basi juma hili tutazame nguo zake.

Kwanza, kitambaa. Shati la pamba ni zuri siku ya jua, maana hunywa jasho. Likilowa lakini huwa zito, hugandamana na mwili, wala halikauki upesi. Nailoni na poliesta hunywa maji kidogo sana. Ukizikung'uta na kuzianika penye upepo hukauka mara. Kwa hiyo siku za masika, Machi mpaka Mei, na za vuli, Oktoba mpaka Desemba, yafaa kuvaa njiani shati jepesi la namna hiyo, na kuifunga nguo ya kazi katika mfuko wa plastiki juu ya keria. Ukifika, jifute, ubadili. Wako wasemao kwamba kulowa huleta malaria. Sivyo, malaria huletwa na mbu. Ila kushinda na nguo mbichi huchubua mapaja na kukaribisha fangasi wa ngozi.

Pili, koti la mvua. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Scotland aliandikisha serikalini kitambaa chake cha mikunjo miwili yenye mpira katikati, kisichopitisha maji. Dosari yake ndiyo ya makoti ya plastiki hata leo: mvua haiingii, na jasho halitoki. Mtu hulowa kwa ndani. Siku hizi yako makoti yapitishayo mvuke, lakini bei yake ni kubwa. Penye mtumba tafuta koti jepesi la nailoni lenye matundu ya hewa kwapani au mgongoni, na refu kidogo kwa nyuma. Kabla ya kulipa, ligeuze ndani. Ukiona utando wake unabanduka kama magamba ya samaki, liache. Halizuii mvua tena.

Tatu, rangi. Saa 1 ya jioni giza limekwisha ingia, na katika mvua kubwa hata mchana dereva haoni mbali. Koti jeusi humficha mtu. Chagua la manjano, la machungwa au jeupe.

Nne, na hili ni la roho ya mtu: ncha za nguo. Mwaka 1927, mjini Nice, Ufaransa, mcheza dansi wa Marekani Isadora Duncan alikufa kwa sababu mtandio wake mrefu ulinaswa na gurudumu la motokaa. Baiskeli nayo hunasa vivyo hivyo. Mama aketiye kwenye keria akusanye kanga au buibui lake mapajani kabla ya safari. Baba afunge mguu wa suruali upande wa mnyororo kwa kamba au mpira. Na watoto waendao shule wasiachie mikono ya sweta ining'inie.

Sasa kutunza. Koti la mvua lisikunjwe bichi, maana litaota koga na kunuka. Lifue kwa mkono, kwa maji baridi na sabuni kidogo, ulisuuze sana, ulianike kivulini. Jua kali hudhoofisha utando wake. Usilipige pasi ya moto. Shati la jasho lisuuzwe siku ile ile, chumvi isilikaukie. Doa la mafuta ya mnyororo lisuguliwe sabuni kabla ya kutiwa maji. Doa la kutu kwenye nguo nyeupe lipakwe ndimu na chumvi, lianikwe juani, kisha lisuuzwe. Dawa ya klorini usiitie, maana hulikaza. Mshono ukifumuka, ushone jioni ile ile, kwani maji hupita hapo kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Koti moja likitunzwa hivi, baba atalivaa masika haya na yajayo, na fedha ya koti jipya itanunua madaftari ya watoto.