Baridi Isisingiziwe

Malindi hii ya Lushoto, si ile ya pwani ya Kenya, ni nchi ya ukungu, kabichi na sweta. Mtoto akianza kuchechemea huku, jina la ugonjwa hutangulia kipimo: baridi yabisi. Lugha yenyewe imekwisha kuhukumu, na baridi tunayo tele. Mtoto atavalishwa soksi, atakandwa maji ya moto, atasubiriwa.

Sina ugomvi na neno hilo. Iko kweli homa ya baridi yabisi, ifuatayo koo lililouma, ikahama goti hadi kiwiko na mwisho ikatua kwenye vali za moyo. Uko pia uvimbe wa viungo wa utotoni unaodumu miezi na miaka. Ugomvi wangu ni haraka yetu. Saratani ya damu huanzia kwenye uboho, na chembe zake zikijazana humo, mguu huuma vilevile. Hata goti laweza kuvimba.

Mwenye uvimbe wa viungo kwa kawaida huamka amekakamaa, akichezacheza analegea. Mwenye saratani mara nyingi huamshwa na maumivu usiku, hulia kuliko uvimbe unavyoonyesha, na ukimbonyeza, panapouma ni mfupa wenyewe, mbali na kiungo. Ukiona na viganja vyeupe, homa isiyokoma, au michubuko bila kuanguka, tusibishane tena: damu ihesabiwe yote, na tone likaguliwe kwa hadubini. Ugonjwa wa viungo ukiwaka, aghalabu chembe sahani za damu huongezeka. Zikiwa chache, shtuka. Ila hesabu nzuri ya leo isikulaze usingizi, kwani mwanzoni saratani hujificha.

Kinachoniudhi zaidi ni prednisoloni inayotolewa kwa kubahatisha. Maumivu hutulia, nyumba nzima ikashukuru. Kumbe dawa hiyo ni mojawapo ya zinazotibu saratani ya damu. Peke yake huzipunguza chembe za saratani bila kuzimaliza, na uboho ukija kupimwa, huenda usionyeshe kitu. Uboho kwanza, prednisoloni baadaye.

Shirika la Afya Duniani linataka ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone. Na hospitali za kuwapima na kuwatibu zipo: kutoka kwetu unashuka Mombo. Kushoto Dar es Salaam kwa Muhimbili, kulia Moshi kwa KCMC. Wewe wa zahanati unayesoma haya, anayechechemea wiki ya pili mwandikie rufaa, hata kama nje kuna ukungu.