Wanafunzi wa Marekani waliiba nyimbo, lakini njia waliyotumia ingefaa masomo ya Kivu

Kwenye kambi za wahami, na hata kwenye familia zinazowapokea ndani ya muji, kuna jambo moja ambalo vijana hufanya kila siku bila kulipa franka hata moja. Wanaketi wawili watatu kivulini, telefone mkononi, wanafungua Xender ao Bluetooth, na wimbo unatoka kwa mmoja unaingia kwa mwengine. Hakuna mega iliyonunuliwa. Telefone mbili zimezungumza zenyewe kwa zenyewe, basi.

Wazee wanaona ni mchezo wa watoto. Ni mchezo kweli, lakini mchezo huu ulishafikishwa mahakamani, ulishavunja makampuni na kumaliza pesa za wazazi, na uliacha fundisho ambalo wakuu wa masomo huku Kivu hawajalichukua bado.

Ulianzia mbali, kwenye vyumba vya kulala vya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Wakati ule, mtu aliyekuwa na intaneti nyumbani aliipata kupitia waya ya telefone, na mwendo wake haukupita kilobiti 56 kwa sekunde. Wimbo mmoja wa mega 4 ulimchukua karibu dakika 10 kuupokea, ikiwa hakuna mtu wa nyumba aliyeinua telefone na kukata kila kitu. Lakini vyuo vikuu vilikuwa vimetoboa kuta za mabweni na kuingiza waya za mtandao chumba kwa chumba. Kwa waya hizo, mwendo ulifika megabiti 10 kwa sekunde. Wimbo uleule uliweza kupita kwa sekunde 3 ao 4.

Hapo ndipo maisha mapya yalianza. Kompyuta za kipindi kile zilikuwa na sehemu ambamo mwanafunzi aliweza kuona mashini za jirani zake wote wa bweni, kila moja na jina ambalo mwenyewe aliipatia, jina la shujaa wa filamu ao la utani. Akifungua moja, anakuta kile ambacho mwenyewe amekubali wengine waone: nyimbo, filamu, picha za sikukuu, notisi za masomo ya hesabu, mazoezi yaliyokwisha kusahihishwa. Kijana mwenye disiki kubwa alijulikana jengo zima. Wengine walibeba mashini zao nzito kutoka chumba kimoja hadi kingine, wakaziunganisha, wakacheza michezo ya vita usiku kucha, asubuhi wakasinzia mbele ya profesa. Wasichana na vijana ambao kwenye sekondari walichekwa kwa sababu ya kupenda mashini kuliko mpira, hapa walikuwa watu wa maana. Ukiwa na waya iliyokufa ao virusi kwenye mashini yako, mlango wao ndio uligonga.

Mwaka 1999, kijana wa miaka 18, Shawn Fanning, aliyekuwa anasoma kwenye Northeastern University kule Boston, alitoa programu iliyoitwa Napster. Napster haikuweka wimbo wowote kwake. Iliweka orodha tu: nani ana wimbo gani. Mtu akitafuta, orodha inamuonyesha mwenye nao, na wimbo unatoka moja kwa moja kwenye mashini ya yule mwengine. Wanafunzi waliikimbilia kwa wingi sana, hadi vyuo vingine vikaona mtandao wao unajaa nyimbo mchana na usiku, na vikaifunga. Mwaka 2000, kundi la muziki Metallica liliishtaki Napster pamoja na vyuo vikuu vitatu. Makampuni makubwa ya muziki yalikuwa yameshaishtaki mbele yake. Orodha ndiyo iliyoiponza: mwenye orodha hawezi kusema hakujua. Julai 2001, Napster ilizimwa.

Lakini kisa kinachowahusu zaidi wasomaji wa huku si cha Napster. Ni cha mwaka 2003. Mwezi wa Aprili, shirika la makampuni ya muziki ya Marekani, RIAA, liliwashtaki wanafunzi wanne: wawili wa chuo cha Rensselaer katika jimbo la New York, mmoja wa Princeton, mmoja wa Michigan Tech. Hao hawakuwa na kampuni. Walikuwa wametengeneza tu chombo cha kutafuta vitu vilivyomo ndani ya mtandao wa chuo chao.

Mmoja wa wale wa Rensselaer alikuwa mwaka wa kwanza. Chombo cha namna hiyo kilikuwepo tayari, yeye alikitengeneza kiwe kizuri zaidi. Kwa mfano, kilikuwa na kasoro: ukibonyeza kitu ambacho mwenyewe amezima kompyuta yake, yako inakwama. Akaongeza kitufe cha kuuliza kwanza kama mashini ile inawaka. Kazi ndogo, ya kijana anayejifunza. Orodha yake ilikuwa na vitu zaidi ya milioni moja, na karibu robo tu ndiyo ilikuwa muziki. Vingine vilikuwa notisi, mazoezi, picha, karatasi za chuo, na filamu fupi ambazo wanafunzi walitengeneza wenyewe.

Sheria ya Marekani iliruhusu kudai hadi dola 150,000 kwa kila wimbo. Kwa hesabu hiyo, kijana huyu alikuwa anatakiwa mamilioni. Wazazi wake waliuliza mawakili, wakaambiwa kwamba hata wakishinda, kesi itakula dola zisizopungua 250,000. Upande mwengine uliuliza kijana ameweka akiba ngapi kutokana na kazi zake za likizo. Alikuwa na dola 12,000. Ndizo walizochukua, na kesi ikaisha. Wenzake watatu walilipa kati ya dola 12,000 na 17,500. Watu waliosikia habari hiyo walimchangia kidogo kidogo hadi pesa zikarudi.

Hapa lazima kusemwa ukweli, kwa sababu kuna vijana ambao wakisikia kisa hiki wanaruka kwa furaha na kusema: mnaona, kunakili si kosa! Ni kosa. Wanafunzi wale walichukua kazi za watu bila kulipa, na wengi hawakuwa maskini wa kushindwa kununua. Huku Kongo hasara hiyo ina sura inayojulikana. Mwimbaji wa Goma, Bukavu ao Butembo anaingia studio kwa pesa ya kukopa, anatoa wimbo juu ya vita ao juu ya mama aliyeacha shamba lake, na siku mbili baadaye wimbo uko kwenye karte memwari ya kila kijana anayechaji telefone kando ya barabara. Kijana wa kuchaji analipwa. Mwimbaji halipwi. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda, na shirika la haki za watungaji, SOCODA, lipo, lakini njia kutoka kibanda cha kuchaji telefone hadi mfukoni mwa mwimbaji ni ndefu mno. Anayependa wimbo wa mtoto wa mtaa wake na ana franka chache amtumie kwenye telefone, hakuna wakili anayehitajika hapo.

Ila makampuni ya Marekani yalifanya kosa kubwa zaidi, na kosa hilo ndilo la kuangalia. Yalipiga chombo badala ya kupiga wizi. Robo ya vitu ilikuwa muziki, wakaua na robo tatu zingine. Na dawa ya wizi wenyewe haikutoka mahakamani: mwezi ule wa Aprili 2003, Apple ilianza kuuza nyimbo kwa senti 99 moja moja, na wiki ya kwanza zikauzwa milioni moja. Kumbe watu wangelipa, walikosa tu pa kulipia kwa bei ya kawaida. Hata hivyo makampuni yaliendelea kushtaki watu wa kawaida kwa maelfu hadi mwaka 2008, yakaona hayavuni kitu.

Sasa turudi kwenye robo tatu. Notisi, mazoezi, vitabu, vikipita kati ya mashini za jengo moja bila kutoka nje, bila kununua mega. Hicho ndicho masomo ya Kivu yanakosa leo, na si kwa sababu ni kitu cha gharama.

Mwanafunzi wa chuo kikuu huku anajua ugonjwa wa silabusi. Profesa anaandika notisi za somo lake, anaziuza, na asiyenunua anaogopa kuandikwa kwenye liste fulani. Wanafunzi wamelalamikia jambo hilo miaka na miaka. Kijana akizipiga picha na kuzituma kwa wenzake, anaitwa mwizi. Profesa naye ana lake la kusema: mshahara unachelewa, na watoto wanakula kila siku. Lakini pengo la mshahara ni deni la Leta. Si haki deni hilo kulipwa na binti wa mhami ambaye mamake anauza makala ili afike kwenye mtihani. Chuo kingeweza kumlipa profesa mara moja kwa silabusi yake, kutoka minerval ambayo wanafunzi wote wanatoa, kisha kuiweka mahali pamoja kila mtu aichukue.

Kwa wafinalisti wa sekondari hali ni mbaya zaidi. Kabla ya Exetat, kila mmoja anatafuta itemu za miaka iliyopita ili ajizoeze. Anayeishi mujini ananunua fotokopi. Aliyekimbia Masisi ao Rutshuru na madaftari yakabaki nyumbani, anaazima kwa rafiki usiku mmoja na kuzirudisha asubuhi. Itemu zilezile ambazo zingepita kwa Xender kwa dakika moja, kama wimbo!

Na vyombo vipo. Kuna kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, inaenea kiganjani, inakunywa umeme kidogo kama wa kuchaji telefone, kwa hiyo batri na sahani ya jua vinatosha. Kuna programu ya bure, Kiwix, inayoweka Wikipedia ya Kiswahili ao ya Kifaransa isomwe bila intaneti. Ile ya Kifaransa nzima inaingia kwenye karte memwari ya giga 64. Kuna Kolibri, ya bure pia, yenye masomo na mazoezi, iliyozaliwa kutokana na kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego walioona kwamba sehemu kubwa ya dunia haina intaneti. Watoto wa mabweni yale ya waya, kwa namna fulani. Ukiunganisha hivyo vyote na Wi-Fi, telefone zote zilizo ndani ya darasa ao kando yake zinasoma bila mega. Mtandao wa makampuni ukikatika, na huku unakatika siku ambazo watu wanauhitaji zaidi, kisanduku kinaendelea kutumika.

Wapo watakaosema: watoto hawana chakula, nyinyi mnaleta mashini. Wana haki ya kuuliza. Lakini kambini telefone zipo tayari, watu wanazibeba wakikimbia kwa sababu ndizo zinazowaunganisha na ndugu waliobaki. Hakuna anayeombwa kununua kitu kipya isipokuwa kisanduku kimoja kwa mamia ya watu. Hatari ya kweli iko pengine. Kitu chenye thamani kikijulikana mahali kinapolala, kinaweza kuibwa na wenye silaha, na atakayekilinda anaweza kupigwa. Kwa hiyo kilale kwa mtu ambaye kamati ya kambi imemchagua, na kila mwezi vitu vyote vilivyomo vinakiliwe kwenye karte memwari tatu ao nne zinazokaa kwa watu mbalimbali. Kikipotea, kinachopotea kiwe chuma tu.

Hata hivyo kisanduku bila mtu hakisaidii. Kule Rensselaer hakukuwa na mkubwa aliyetoa amri. Kijana aliona mashini zinakwama akaongeza kitufe. Vijana kama huyo wapo kwenye kila kambi. Ni wale wanaofungua telefone zilizokufa kwa kisu cha jikoni na kuzirudishia uhai. Prefe wa masomo anayewafukuza kwa sababu telefone imekatazwa darasani angewaita mmoja mmoja na kuwapa itemu za miaka mitano iliyopita, hesabu, Kifaransa, biolojia na zinginezo, wazipige picha zinazosomeka na kuzipanga kwa mwaka. Kazi hiyo inamalizika kwa juma moja. Mtihani ujao haujafika bado.