Kuku Mia Moja na Meza ya Chapati

Familia nyingi za askari zikaazo Bukoto na jirani zake, Naguru na Ntinda, hazikosi bidii: mkaa huuzwa mlangoni, chapati jioni, na nyuma ya nyumba hufugwa kuku wa mayai. Taabu huanza fedha zote zinapokaa katika mkoba mmoja.

Kuku wa mayai hulishwa miezi mitano hivi kabla ya yai la kwanza. Akishaanza kutaga, hula gramu 120 hivi kwa siku. Basi kwa kuku 100, gunia la kilo 70 halifiki siku sita. Mkaa ukipanda bei, fedha za gunia huazimwa "kwa siku mbili tu". Kuku hawakopeshi. Wakinyimwa chakula utagaji hushuka, na huweza kuchukua majuma kadhaa kurudi.

Afadhali mama ashikaye kuku peke yao mpaka mayai yalipie gunia lifuatalo, ndipo afungue meza ya chapati. Tena bwana akihamishiwa Gulu au Moroto (na askari haombwi rai), shughuli moja yenye daftari lake huweza kukabidhiwa jirani jioni ile ile.