Watazamaji Walikuwepo
Kila nikisikia kwamba soka ya wanawake haina watazamaji, moyo unaniuma. Tarehe 26 Desemba 1920, watu wapatao 53,000 waliujaza uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kuwatazama Dick, Kerr Ladies, mabinti wa kiwandani kutoka Preston. Maelfu wengine walikosa nafasi, wakabaki nje. Mwaka uliofuata Chama cha Soka cha England kikawafungia wanawake viwanja vya klabu zake, kikidai mchezo huo hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu takriban nusu karne! Watazamaji hawakuondoka, walifukuzwa. Aprili 2022 wanawake wa Barcelona wakaichapa Wolfsburg 5-1 mbele ya watu 91,648, Camp Nou. Nasi tuwape mabinti wetu viwanja vikubwa, Jumamosi jioni, watu wametoka kazini.