Skrini Yako Inakudanganya, na Shida Si Waya

Wacha niseme kitu kitakasirisha mafundi wa Arduino: ile kodi mnakopi kutoka YouTube kila siku (kodi ya kompyuta, si ile ya KRA) ndio inaua miradi yenu. Si waya. Si bodi ya bei rahisi. Ni vile kodi yenyewe imepangwa. Na dawa iko, lakini watu wanaikimbia kwa sababu inafanana na hesabu: lugha za funksheni.

Tulia, sikuacha chuo ndio nije kuwapa lekcha. Twende na mfano wa mtaani.

Mashine ya kuangua vifaranga. Boksi, balbu ya kupasha joto, feni, kihisi cha joto, rilei, bodi ya maikrokontrola na kaskrini kadogo kanaonyesha digrii. Yai la kuku linataka siku 21, na joto la karibu digrii 37.5 likae hapo hapo. Mashine ikizingua siku ya 18, hupotezi usiku mmoja. Unapoteza wiki tatu, na trei za mayai ambazo mtu wa kwenu alinunua na pesa ya chama akikuamini wewe ndiye mtu wa kompyuta wa familia.

Sasa angalia kodi ya mashine kama hiyo vile huandikwa. Juu kabisa kuna vigeu kumi na kitu: joto, hita, kengele, ukurasa wa skrini. Sehemu yoyote ya programu inaweza kubadilisha kigeu chochote saa yoyote. Sehemu ya hita inashika kigeu chake, skrini inasoma kingine. Leo unaongeza kitufe, kesho unaongeza kengele, kila kitu kipya kinakuja na kigeu kipya. Mwishowe skrini inasema HITA IMEWAKA, na balbu ilizima saa nane usiku. Skrini inasoma kigeu ambacho hakuna mtu alikumbuka kubadilisha, basi.

Mtu akiona hivyo, anaenda Luthuli Avenue kununua skrini nyingine. Anabadilisha waya. Anarudi YouTube kukopi kodi ya mtu mwingine, na hiyo pia ina shida ileile.

Lugha ya funksheni inakulazimisha, ama angalau inakuzoesha, kufikiria tofauti. Funksheni ni kama mashine ya kusaga mahindi pale sokoni. Unaweka mahindi, unapata unga. Mahindi yaleyale, unga uleule, kila siku. Na haingii jikoni kwako kubadilisha chochote ukiwa umelala. Kwa hivyo unagawanya kazi yako mara mbili: upande mmoja unaamua, upande mwingine unagusa pini. Upande wa kuamua hauruhusiwi kugusa pini yoyote.

Utaniambia lugha kama hizo ni za kompyuta kubwa. Zii. Kuna kitu kinaitwa uLisp, kazi ya David Johnson-Davies. Ni Lisp ndogo ya maikrokontrola, na iko toleo lake linaingia hadi kwa Arduino Uno, bodi yenye baiti 2048 pekee za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Lisp yenyewe ilianzishwa na John McCarthy mwaka wa 1958, miaka mitano kabla Kenya ipate uhuru. Si lugha ya funksheni tupu kama Haskell, inakuruhusu kuchafua ukitaka. Lakini ukiitumia vizuri, uamuzi wote wa ile mashine ya vifaranga ni huu hapa:

(defun amua (joto hali)
  (cond ((null joto) 'kengele)
        ((< joto 373) 'washa)
        ((> joto 377) 'zima)
        (t hali)))

Ni mistari mitano tu. Isome polepole. Kama kihisi hakijaleta jibu, kengele, maana yake zima hita na upige kelele. Kama joto liko chini ya 37.3, washa. Likipita 37.7, zima. Likiwa katikati, baki vile ulikuwa, ndio rilei isiwe inabofya-bofya kila sekunde. Nimeandika 373 badala ya 37.3 kwa sababu uLisp ya bodi ndogo kama Uno inajua namba kamili tu, kwa hivyo tunahesabu kwa sehemu za kumi za digrii.

Umeona hayo majina? Amua, joto, washa, zima. Hakuna sheria inasema kodi lazima iwe na majina ya Kizungu. Mwenye mayai mwenyewe anaweza kukaa kando yako aulize, "Na hicho kihisi kikinyamaza, itakuwaje?" Ukamwonyesha mstari na kidole. Jaribu kumwonyesha hivyo kwa kodi ya mistari 300 uliyokopi.

Halafu kitu ninachopenda zaidi: kwa uLisp huandiki programu yote, ungoje ipande kwa bodi, ndio ujue kama umekosea. Unaandika mstari mmoja, bodi inajibu hapo hapo. Andika (amua 370 'zima), inakujibu washa. Andika (amua 375 'washa), inakujibu washa. Andika (amua nil 'washa), inakujibu kengele. Na kwa sababu funksheni hiyo haigusi pini, unaweza kuijaribu hata kwa Lisp ya kawaida kwa laptopu ya rafiki, bila bodi, bila balbu, bila yai hata moja. Kwa msee ambaye bodi moja ndiyo bodi yake yote, hiyo si starehe ya watu wa chuo. Ni pesa.

Turudi kwa skrini sasa. Skrini nayo ipe funksheni yake: inapokea joto na hali, inarudisha maneno ya kuonyesha. Joto na hali zilezile ndizo zinaenda kwa rilei. Hakuna kigeu cha pili cha kusahau. Kama amua imesema zima, skrini inaambiwa zima na rilei inaambiwa zima. Bado kitu kinaweza kuharibika: balbu ikiungua, kodi haitajua mpaka joto lianze kushuka. Lakini ule ugomvi wa skrini kusema hili na programu kufanya lile, huo unaisha.

Sasa wale wa "C++ ama hakuna kitu", nawasikia. Hoja yenu ya kwanza ni kumbukumbu, na ni ya kweli. Chukua ile skrini ndogo maarufu ya OLED ya nukta 128 kwa 64. Hizo ni nukta 8192, na kila nukta ikichukua biti moja, picha nzima inakula baiti 1024. Hiyo ni nusu ya kumbukumbu ya Uno kabla hujaandika chochote, na Lisp nayo inataka nafasi yake. Kwa hivyo kwa Uno tumia ile skrini ya maandishi ya herufi 16 kwa mistari 2, inatosha kabisa kwa mayai. Ukitaka kuchora picha, nenda kwa ESP32, yenye kilobaiti 520.

Hoja ya pili ni kasi. Lugha hizi husimama kidogo kufagia kumbukumbu iliyotumika, na hujui ni saa ngapi. Kwa joto la boksi, ambalo linabadilika polepole, nani anajali? Lakini kwa zile taa za rangi za WS2812, ambazo kila biti ina takriban maikrosekunde 1.25, ama kwa droni inayojisawazisha hewani, hapo C inashinda na sitabishana. Kila kazi na jembe lake. Shida ni kwamba wengi wetu hatujengi droni. Tunajenga mashine za vifaranga, tangi za maji, na pampu za shamba, halafu tunaziandikia kodi kama zinaenda mwezini.

Na kama unadhani hii ni michezo, angalia simu yako. Seva za WhatsApp zimejengwa kwa Erlang, lugha ya funksheni iliyoanza Ericsson kule Uswidi mwaka wa 1986 kwa ajili ya mitambo ya simu, mitambo ambayo haifai kulala. Erlang na ndugu yake Elixir, aliyeanzishwa na Mbrazili José Valim, sasa zinaweza kuendeshwa kwa ESP32 kupitia AtomVM. Mtindo wao ni kugawa programu kwa vipande vidogo vyenye msimamizi: kipande cha kusoma kihisi kikianguka, msimamizi anakiwasha tena, na kipande cha hita kinaendelea na kazi. Kwa nchi ambayo stima inapotea bila kuaga, hiyo akili ya "kitu kitaanguka tu, tujipange" tunaihitaji kuliko Waswidi.

Sikuambii uache C. Nakuambia usiwe fundi wa kukopi. Kuna kizazi chetu chote kinajua kuunganisha waya kuliko kueleza kwa nini kitu kinafanya kazi, na siku kikikataa, hakuna wa kumuuliza. Wikendi hii chukua bodi uliyonayo, weka uLisp, andika funksheni moja tu inayoamua, kwa Kiswahili. Msomee mtu wa nyumbani ambaye hajui kompyuta. Kama hajaelewa mashine itafanya nini, usiweke mayai bado.